Jembe la Ukweni

Ukitaka kumwoa binti wa Mzee Leodgar, njoo na jembe. Si jembe jipya la dukani lenye rangi bado. Jembe lako mwenyewe, lililolika ncha, lenye mpini uliolainishwa na kiganja chako. Ndivyo yeye alivyopokelewa Kasulu kwa babu yangu mzaa mama, ndivyo mume wa dada yangu Yunisi alivyopokelewa, na ndivyo alivyoapa kwamba kijana wangu Bonaventura atapokelewa, au asipokelewe kabisa.

Jembe lake Baba lilining'inia sebuleni kwetu Kasingirima, kando ya picha ya Moyo Mtakatifu, juu ya misumari miwili. Babu, aliyebaki nalo tangu siku ya posa, alipofariki, Mama aliliomba likarudi kwetu. Tangu hapo hakuna mgeni aliyeingia nyumba ile akaletewa maji ya kunywa kabla hajasimuliwa habari za lile jembe.

Sasa, Bona wangu hana shamba. Bona ana vichanja, zile meza ndefu za waya ambazo dagaa huanikwa juu yake badala ya kutupwa mchangani. Ana pia stashahada ya uhasibu. Aliomba kazi mpaka mwenye stesheneri aliyemchapia barua akawa anamwita kwa jina la utani, halafu siku moja akaacha kuomba, akanunua waya na plaizi, akashuka mwaloni Kibirizi, mitumbwi ya dagaa inakopakulia. Leo dagaa wake wanapanda treni, wanaliwa Dodoma na Dar es Salaam na watu wasiojua Kigoma iko upande gani. Mimi nampenda kijana huyu, nalisema mapema ili mtu asijisumbue kunishauri.

Baba alikwenda kumchungulia kimya kimya, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Akamkuta amelala kwenye mkeka chini ya kichanja.

"Amelala!" Baba alimwambia Mama, huku maneno yenyewe yakinilenga mimi. "Jua limewaka, mwanaume mzima amelala na simu kifuani!"

"Baba, mitumbwi inaingia kabla ya alfajiri," nilimjibu. "Anakuwa ameshaamka, ameshapokea mzigo, ameshaanika."

"Mimi nilipokuwa reli niliamka kabla ya jogoo, na saa nne nilikuwa karakana, chini ya behewa."

"Na alasiri ulikuwa nyumbani umeoga, unasikiliza redio. Bona alasiri anageuza dagaa, anajibu wateja, anafunga mizigo ya stesheni."

"Kujibu simu nako ni kazi?"

"Kama wateja wako ndani ya simu, ni kazi."

Baba aligeuka sasa, akanitazama mwenyewe. "Skolastika. Mimi nilimaliza darasa la saba, mahindi hayajavunwa reli wakaniita. Nikapewa ovaroli, nikapewa chumba cha kota. Unajua kwa nini? Bidii! Ninyi mna vyeti vya kujaza sanduku, mnakaa barazani mnasema hakuna kazi."

"Bidii ulikuwa nayo, Baba, nani atabisha? Lakini walikuita. Sisi nani katuita? Nafasi moja ikitangazwa leo, waombaji wanajaza uwanja wa Lake Tanganyika na wengine wanabaki nje ya geti. Ninyi mlikuwa na kazi moja. Sisi tunazo mbili, na ya kwanza ni kuitafuta hiyo ya pili."

Jikoni Mama alikohoa. Kikohozi kile nakijua tangu utotoni, maana yake ni mwanangu, inatosha.

"Basi aje na jembe," Baba alisema, akachukua kofia yake. "Jumapili, baada ya misa ya pili. Tutaona mikono yake inasema nini."

*

Jumamosi alasiri nilishuka Kibirizi. Ziwa lilikuwa limetulia na milima ya Kongo ilionekana vizuri ng'ambo. Bona alikuwa ameinamia kichanja anageuza dagaa, magamba yamemganda mpaka kwenye viwiko. Aliponiona aliacha kugeuza, akasimama tu. Bona akinitazama namna ile, mimi na shahada yangu ya ualimu tunasahau tulikuwa tunakwenda wapi.

"Mwalimu wetu huyo!" aliita Mzee Wilfred. Huyu ni baba yake mdogo Bona, fundi cherehani wa Ujiji na ndiye mshenga wetu. Alikuwa amekalia kreti la soda, jembe kuukuu mapajani. "Njoo uone isuka hii, mwanangu, mwana wanje. Imelika mpaka imekuwa kijiko! Nimeiazima kwa jirani yangu, kaanza kulima nayo hajaota ndevu. Baba yako akiiona atatoa machozi."

Nilimwamkia, nikalishika lile jembe. Mpini ulikuwa laini. Moyo wangu ukashuka mahali pake kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Bona, umeliona?"

"Nimeliona. Jembe zuri," akasema. "La mtu."

"Kesho litakuwa lako, mpaka tumalize kunywa kahawa."

"Halafu akinipeleka shambani aone ninavyolishika?"

"Hakupeleki. Shamba lenyewe amelikodisha."

Mzee Wilfred akacheka mpaka kreti likalia. "Kijana, ukweni ni sherehe. Hata suti ya harusi watu wanaazima."

"Suti nitaazima, Baba mdogo. Mikono siazimi." Bona alipeleka mkono mfuko wa nyuma, akatoa plaizi yake. "Nitakwenda na hii."

Nilidhani anatania. Plaizi yenyewe naijua, ndiyo aliyosokotea kila waya wa kila kichanja pale. Mpira wa mishikio ulikwisha zamani, akazungushia tyubu ya baiskeli, na tyubu nayo imeshaanza kuchakaa mahali vidole vinapokaa.

"Bona, unajua maana ya kesho? Posa ya kwanza ya Yunisi, mtu alikuja na jembe jipya. Alikuwa na ajira ya serikali yule, na gari nje! Baba alimsindikiza mpaka mlangoni na jembe lake, na hakumsikiliza tena mpaka leo. Akisema hapana mbele ya mshenga, harudi nyuma."

"Najua."

"Unajua, halafu unataka kumpelekea plaizi?"

"Skola, nisikilize. Nikiingia kwenu na jembe la watu, kila Jumapili nitakapokaa mezani kwa baba yako nitakuwa nakula kwa jina la mtu mwingine. Mimi sioni aibu na kazi yangu. Wewe unaona?"

Swali lile liliniuma, kwa sababu aliliuliza kwa upole.

"Sioni aibu," nikasema. "Naona hofu."

"Hofu nakuruhusu."

Alitaka kunishika mkono, akakumbuka wake unanuka dagaa, akaurudisha nyuma. Nikaufuata hukohuko nyuma, nikaushika. Vidole vyake vilikuwa na ugumu wa waya. Nilitamani nikae pale mpaka jua lizame, lakini nilikuwa na hasira pia, na hasira yangu huwa haipendi kusubiri zamu.

"Fanya unavyotaka," nikamwambia. "Lakini ukirudishwa mlangoni kesho, usije ukanitumia maneno matamu kwenye simu. Sitajibu."

Niliondoka bila kugeuka. Haya, niligeuka mara moja. Alikuwa bado amesimama.

*

Jumapili walifika tukiwa tumetoka kanisani. Mzee Wilfred alivaa koti la suti alilolishona mwenyewe, na kwapani alibeba kifurushi kirefu kilichofungwa kwa khanga. Mpini ulichungulia upande mmoja. Nikauona kupitia dirishani.

Amekubali, nikasema moyoni. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikashangaa, maana shukrani yenyewe haikuwa na ladha. Sikujua kama nilikuwa nataka sana Bona apite, au nilikuwa nataka sana apite Bona mwenyewe.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina. Karibuni. Mwakeye."

Kwa desturi mimi nilitakiwa kukaa nyuma ya pazia la koridoni mpaka niitwe. Nilikaa, birika la kahawa ya tangawizi mkononi, jicho kwenye upenyo. Bona alikuwa na shati jeupe lililonyooshwa mpaka mikono ikasimama. Baba alikaa kwenye kiti chake, chini ya jembe lake. Mama alikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, akipepea mkaa wa jiko.

Mzee Wilfred alisafisha koo. "Wazee wenzangu, sisi tulikuwa tunapita, tukaona katika bustani yenu kuna ua..."

"Maua baadaye," Baba akasema. "Jembe."

Mzee Wilfred akafungua khanga. Baba alilipokea lile jembe kwa mikono miwili. Akapitisha kidole gumba kwenye ncha, akaukunja uso, akaukunjua. Akashika mpini, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango. Sijawahi kumwona Baba akitazama kitu cha kijana kwa heshima namna ile.

"Hili limefanya kazi," akasema taratibu. "Mama Yunisi, unaona? Hili ndilo jembe. Kijana, nakuomba radhi. Nilikudhania vibaya."

Yalikuwa yamekwisha! Bona alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Nyamaza, nikamwomba nyuma ya pazia, nyamaza mpenzi wangu, tuoane.

"Mzee, samahani," Bona akasema. "Hilo si langu."

Mzee Wilfred alipaliwa na mate yake mwenyewe.

"Baba mdogo amelileta kwa kunipenda, na ninamshukuru. Lakini ni la jirani yake. Jembe langu ni hili." Akaweka plaizi juu ya kitambaa cha meza, kile alichokifuma Mama, na akaketi akiwa amenyooka.

Nje bajaji ilipita, ikapotea.

"Unanitania nyumbani kwangu?" Baba aliuliza.

"Hapana, Mzee. Ulisema nije na kitu kilicholika mkononi mwangu."

"Nilisema jembe."

"Shamba sina. Baba yangu alikuwa nalo, tukagawana ndugu, fungu langu likatosha mchikichi mmoja na mbuzi wa kufunga chini yake. Nikasoma nipate ofisi. Ofisi nazo hazikunitaka. Hii ndiyo iliyonitaka."

"Nilikukuta umelala."

"Ulinikuta kweli. Ungenigusa ningeamka, ningekuonyesha kazi niliyokuwa nimeshaifanya."

"Sisi hatukulala mchana."

"Ninyi mlikuwa na king'ora, Mzee. Kikilia mnaingia, kikilia mnatoka, mwisho wa mwezi mshahara upo. Mimi hakuna anayenipigia king'ora. Nikizembea dagaa wananioza mkononi, wateja wanahama, na sina wa kumlalamikia. Sisemi nakuzidi bidii. Nasema najiamsha mwenyewe."

Hakuwa amepandisha sauti hata kidogo. Nilimpenda pale kuliko siku zote, na nilijua pia kwamba tumeshindwa, maana shingo ya Baba ilikuwa imeanza kuvimba. Miguu yangu haikuniuliza. Nilijikuta nimeshasukuma pazia, nipo katikati ya sebule na birika langu.

"Nani kakuita wewe?" Baba alifoka.

"Hakuna, Baba. Siku hizi hatuitwi, tunakuja wenyewe."

"Skola!" Mama alisema.

"Nisamehe, Mama, nitasema moja tu. Baba, mimi nafundisha kwa kujitolea, sijaona mshahara tangu nimalize chuo, na wewe unaniita mwalimu mbele ya watu wote. Huyu anakula jasho lake kila siku, unamwita mzururaji. Ukimrudisha mlangoni leo sitatoroka, wewe ni baba yangu na nyumba ni yako. Lakini jembe la mtu mwingine usinipokelee. Mimi nimeshachagua, na nimechagua mwenye plaizi."

Nikamimina kahawa. Sikumwaga hata tone, na hilo bado najivunia. Nilipofika kwa Bona, alininong'oneza asante kwa sauti ya mtu aliyeishiwa pumzi, akanitazama machoni mbele ya wazazi wangu bila kuficha kitu.

Baba hakunywa. Alikuwa ameokota plaizi. Nadhani alitaka kuirudisha kwa mwenyewe, lakini ilipoingia kiganjani, kiganja kikaikunjia vidole chenyewe. Akaifungua, akaifunga. Akasikiliza mlio wake. Akapitisha gumba pale tyubu ilipochakaa.

Kisha akainuka, akaingia chumbani.

"Amekwenda kuleta fimbo," Mzee Wilfred alinong'ona, akaanza kukunja khanga yake. Bona hakujitikisa.

Baba alirudi na kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa cheusi kwa mafuta. Akakifungua juu ya meza, kando ya plaizi. Ilikuwa spana, imeng'aa mahali pa kushikia na kuwa nyeusi kwingine kote. Mimi, mtoto wa nyumba ile, sikuwa nimewahi kuiona.

"Hili la ukutani," alisema, macho yake yakiwa kwenye spana, "si langu."

Mama aliacha kupepea mkaa.

"Nilikuwa kijana wa karakana. Jembe sikuwa nimelishika tangu nilipotoka shule. Nilipokuwa njiani kwenda Kasulu kuposa, niliteremka Kidahwe kwa binamu yangu Samson, nikaliazima. Nikamwambia nitalirudisha Jumatatu."

"Jumatatu ipi, mzee mwenzangu?" Mzee Wilfred aliuliza, kwa nia njema kabisa.

Baba akaendelea. "Marehemu baba mkwe alilishika kama nilivyolishika hili la jirani leo. Akasema maneno yaleyale. Hili limefanya kazi. Nami nikanyamaza. Spana yangu ilikuwa mfukoni, nikaona haya kuitoa, maana kwao fundi wa grisi alikuwa mtu asiye na kwao." Akainua macho, akamtazama Bona. "Wewe hukunyamaza."

Hapo ndipo Mama alipoanza kucheka. Alicheka taratibu, mkono mdomoni, halafu akashindwa kuzuia.

"Unacheka nini, Mama Yunisi?"

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ile mimi ndiye niliyekumiminia maji ya kunawa, Baba Yunisi. Yalitoka meusi, na hayakuwa meusi ya udongo. Mkono wa jembe naujua, nimelelewa nao. Ule ulikuwa mkono wa grisi."

"Miaka yote hii! Na hukusema?"

"Ningesema vipi? Baba angekurudisha mlangoni." Mama aliinua upepeo wake, akarudi kupepea mkaa. "Na mimi nilikuwa nimeshaipenda grisi."

Baba alisimama pale, mzee wa watu, kama kijana aliyekamatwa nyuma ya ghala. Sijui alitaka kukasirika au kufurahi. Mwishowe alipanda juu ya stuli, akalitungua jembe ukutani, akalifuta vumbi kwa kiganja. Ukutani ikabaki misumari miwili. Akamkabidhi Bona jembe, na juu yake akaweka plaizi yake.

"Jumamosi hii," akasema, "wewe na mchumba wako mtakwenda Kidahwe. Mumrudishie Samson jembe lake. Mwambieni Leodgar amesema Jumatatu imefika."

Mchumba wako. Alilitamka kwa sauti ileile aliyotumia kutangaza Kidahwe, nasi sote tukajifanya hatujasikia chochote cha ajabu. Mzee Wilfred pekee alipiga kigelegele, jambo ambalo si kazi ya wanaume, na Mama akalazimika kumsaidia.

Kisha ugali wa muhogo ukatengwa, na samaki wa ziwani, migebuka kwa mawese. Mimi ndiye niliyechukua jagi na beseni. Nikamnawisha Baba, nikamnawisha Mzee Wilfred, nikapiga goti mbele ya Bona. Akanyoosha mikono. Nikamimina. Maji yakashuka na magamba madogo ya dagaa yaliyokuwa yamejificha pembeni mwa kucha, licha ya sabuni yote aliyojisugulia asubuhi.

"Bado inanuka?" akaninong'oneza.

Mama alikuwa anatutazama kutoka jikoni.

"Bado," nikamwambia. "Nawa polepole."